Kupauka kwa jelikoti: ganda la nje la gari-nyumba

Jelikoti ni ganda gumu la rangi linalofunika kuta za faiba za gari-nyumba, lile gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani ambalo Wamarekani wengi husafiri na kulala humo. Si rangi ya kupuliziwa juu ya bati kama ya magari madogo. Ni rezini ya poliesta, yaani plastiki ya majimaji inayoganda, iliyochanganywa na rangi tangu kiwandani, kisha ikashikamana na faiba iliyo nyuma yake. Boti za faiba za pwani yetu zina ganda hilohilo, kwa hiyo aliyewahi kuona boti iliyotelekezwa juani ameshaiona kazi ya jua.

Mionzi ya urujuanimno (UV) ya jua hukata minyororo ya rezini usoni, na uso ukishavunjika hugeuka ungaunga. Huko ndiko kupauka. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka cheupe kana kwamba umeshika chaki, jelikoti imeanza kufa juu. Ukiumwagia maji ukuta hung'aa, na ukikauka hufifia tena. Rangi za giza huonyesha mapema zaidi. Na magari haya huegeshwa nje muda mrefu. Kule Quartzsite, Arizona, wenyewe hukimbilia wakati wa baridi, na jua la jangwa halina huruma na ganda hilo.

Wengi hukosea hapa: wanapaka waksi juu ya unga. Gari hupendeza siku chache, kisha waksi hutoka pamoja na unga ulioshikilia. Uso uliokufa lazima uondolewe kwanza. Osha kwa sabuni ya magari (ya vyombo inaweza kuvua waksi), tafuta kivuli, kisha sugua kwa kompaundi, dawa yenye chembe za kukwangua, na mashine ya kung'arishia, kipande kidogo kwa kipande kidogo, mpaka mng'ao urudi. Mashine isisimame mahali pamoja, maana joto huunguza. Stika za ubavuni zikwepe kabisa. Zikishapasuka hakuna polishi ya kuzirudisha.

Jelikoti mara nyingi huwa na unene wa karibu nusu milimita, takriban mara kumi ya ile varnishi ya juu ya gari dogo. Hiyo ni akiba nzuri, lakini kila ukisugua unaitumia. Ndiyo maana kinga ina thamani kuliko mng'ao. Waksi ya karnauba, itokanayo na mmea, hudumu wiki au miezi michache juani; kinga za polima huvumilia zaidi; ya seramiki inaweza kufika miaka, ila hufungia chini yake chochote ilichokikuta, doa na mikwaruzo pamoja. Zote zipo ili jua na uchafu vizile zenyewe badala ya ganda. Mimi ningechagua ile ninayoweza kuirudia bila kuchoka, kwa sababu gari la mita 10 lina ukuta mwingi.

Michirizi myeusi inayoshuka kutoka darini na kwenye kona za madirisha ni jambo jingine. Chanzo chake kiko juu: mvua hukokota vumbi la paa na kulishusha ukutani, na paa la mpira wa EPDM nalo likizeeka hutoa unga wake mweupe. Ukiosha kuta bila kuosha paa, michirizi itarudi mvua inayofuata. Paa hilo lisiguswe na petroli wala kiyeyushi chochote cha jamii hiyo, kwani mpira huvimba.

Ukiwa huko juu, kagua viungo kuliko kitu kingine chochote: pembeni mwa matundu ya hewa, ngazi, antena, na ukingo ambapo paa hukutana na ukuta. Gundi ya kuzibia ikipasuka, maji huingia polepole hadi kwenye mbao nyembamba iliyobandikwa nyuma ya faiba, nayo huoza bila wewe kuona. Usielekeze mashine ya maji ya presha kwenye viungo hivyo. Na usizibe kwa silikoni ya dukani, kwa kuwa gundi nyingine haitashika juu yake baadaye. Ukuta ukianza kuvimba kama lengelenge, na ukiubonyeza unarudi ndani, faiba imeachana na mbao. Hapo polishi haina kazi tena. Mara nyingi ni kubomoa upande huo na kujenga upya.