Kovu Likikauka, Je, Hatari Imekwisha?

Wengi waliowekewa nyonga au goti bandia huamini kwamba nyuzi zikishatolewa na kovu likakauka, hatari ya maambukizi imekwisha. Hatari hupungua kweli, lakini haiishi: bakteria kutoka kwenye jipu la mguuni wanaweza kusafiri kwa damu, hata baada ya miaka, wakajibandika kwenye chuma na kujitandia utando ambao dawa huupenya kwa shida. Goti lililokuwa limetulia likianza kuuma au kuvimba, ni vyema kumwona daktari kabla ya kununua antibaiotiki dukani, maana vidonge vikitangulia huweza kuwaficha bakteria kwenye kipimo cha majimaji ya goti. Anayetaka kuhakikisha asome karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa, kisha aulize kliniki: dalili zipi zinirudishe, na hadi lini?