Saab sio Opel iliyobandikwa nembo, na pesa iliishia hapo hapo

Shemeji yangu anaishi Oslo. Juzi kanipigia simu, anataka kununua Saab 9-3 ya 2006, gari ya Kiswidi, kaiona imekaa vizuri, bei iko chini, kilomita sio nyingi. Kabla sijafungua mdomo akamalizia mwenyewe: "Lakini shem, si Opel tu hiyo, Wamarekani walibandika nembo wakaiua kampuni." Hiyo ni mara ya tatu mwezi huu naambiwa maneno yale yale, na watu watatu tofauti, mmoja wao ana gereji yake mwenyewe! Nikaagana naye kwa heshima maana ni shemeji, lakini hasira ilibaki, kwa hiyo leo naandika.

Mimi ni fundi, ufundi nilianzia mtaa wa Gerezani, Dar, nikaja kuumalizia huku magharibi ya Uswidi, mwendo wa saa moja hivi toka Trollhättan, mji ambao hizi gari zilikuwa zinatengenezwa. Saab nazishika kila wiki. Nazipenda, sifichi. Na kwa sababu nazipenda ndio maana sitaki zisemewe uongo, hata ule uongo unaozitetea.

Mwanzo ntaupita haraka. Saab ilianzishwa 1937 kutengeneza ndege za kijeshi. Vita ya Pili ya Dunia ilipokaribia kuisha wakaona oda za ndege zitapungua, wakaingia kwenye gari. Injinia mkuu alikuwa Gunnar Ljungström, umbo alilichora Sixten Sason, na gari ya mfano ilionyeshwa 1947 ina umbo kama bawa la ndege limekatwa, inapasua upepo kuliko gari nyingi za leo. Saab 92 ilianza kutoka kiwandani Desemba 1949, na za mwanzo zote zilikuwa kijani, hakuna kuchagua. Injini ya mipigo miwili, silinda 2, nguvu farasi 25, magurudumu ya mbele ndio yanavuta.

Hapo kwenye mipigo miwili naomba nisimame, maana kuna kitu ambacho watu wanakichukulia kama ushamba wa Waswidi. Saab za zamani zina kifaa cha kuruhusu magurudumu yazunguke huru ukiachia mafuta, yaani gari inateremka mlima injini ikiwa inazunguka taratibu tu, haishikwi na gia. Watu wanauliza kwa nini uondoe breki ya injini kwenye gari ya nchi yenye barafu? Jibu liko kwenye tenki. Injini ile oili yake inachanganywa na petroli, kama msumeno wa kukatia magogo. Sasa ukiteremka mlima mrefu umeachia mafuta, injini inazungushwa kwa kasi na magurudumu lakini petroli haiingii ya kutosha, na petroli isipoingia na oili haiingii, pistoni inasugua chuma kwa chuma mpaka inanata. Kwa hiyo wakaiachia izunguke taratibu kivyake. Kila kitu cha ajabu kwenye Saab ukikifuata kina sababu ya namna hiyo. Swichi ya ufunguo iko katikati ya viti, chini, karibu na gia, kwa sababu ufunguo uliokaa pembeni ya stelingi unapasua goti kwenye ajali.

Na kwetu Afrika Mashariki hizi gari sio ngeni hata kama vijana hawajui. Mwaka 1962 Pat Moss, dereva wa kike wa Kiingereza, alimaliza wa 3 kwenye Safari Rally akiwa na Saab 96. Erik Carlsson, ambaye baadaye akawa mumewe, alimaliza wa 2 mwaka 1964, kwenye tope lile tunalolijua, na injini ambayo haifiki hata lita moja. Kisa chake mpaka leo kinasimuliwa: gari ilizama matopeni, yeye na msaidizi wake wakaibingirisha kiubavu-ubavu mpaka ikatua pakavu, wakaendelea. Waandishi wa habari hawakuamini, akaibingirisha tena mbele yao.

Baadaye ikaja 99, halafu 99 Turbo iliyoonyeshwa 1977. Turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, zilikuwepo kabla yake, lakini Saab ndio waliifanya kitu cha mtu anayeenda kazini, inavuta toka chini, sio ya mbio tu. Ikafuata 900 ambayo ilitengenezwa mpaka 1993, karibu gari 900,000, na ndio hiyo iliyowafanya walimu, madaktari na wachora ramani za majengo wajione wamepata gari yao. Miaka ya 80 ndio kilele.

Sasa tusikilizane vizuri hapa.

Mwaka 1984 ilitoka Saab 9000. Ile gari ilizaliwa kwenye ushirika na Waitaliano, chasi ya pamoja na Fiat Croma, Lancia Thema na baadaye Alfa Romeo 164. Lengo la ushirika ni nini? Kugawana gharama. Unachora mara moja, mnatumia wote. Saab wakafanya nini? Wakaenda kuimarisha yao upande wa ajali. Milango ya 9000 ukiitazama kwa macho utasema ni ya Croma, lakini huwezi kuihamisha, maana Saab waliweka vyuma vizito zaidi vya kuzuia mtu akigongwa ubavuni. Kioo cha mbele ndio kinaingiliana. Hiyo ni 1984, General Motors (GM), Wamarekani ambao Opel ilikuwa yao wakati huo, hawajaingia. Mimi ndio maana nachoka mtu akinianzishia hadithi mwaka 1990 kana kwamba mgonjwa alikuwa mzima siku aliyoingia hospitali.

GM walinunua nusu ya kampuni mwisho wa 1989 kwa dola milioni 600, na nusu iliyobaki wakaichukua 2000. Gari ya kwanza ya enzi yao ni 900 mpya ya 1993, na hapa nakubali wanaolalamika wana haki yao. Chini yake ni Opel Vectra kweli. Reki ya stelingi, yaani chuma kinachogeuza magurudumu, imefungwa kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, na ukuta unapinda, ukikata kona kali stelingi unaisikia inachelewa. Mpaka leo kuna watu wanauza chuma cha kuongezea hapo, mimi mwenyewe nimezifunga nyingi. Gari ile haikuwa na ule ugumu wa 900 ya zamani.

Ila fungua boneti. Injini ya silinda 4 ni ya Saab, imetoka kwenye ukoo wa 9000. Na ubongo wa zile za turbo ni Trionic, yaani kompyuta ya injini, kazi ya Waswidi wenyewe, na hapa naomba mniache niongee kidogo. Juu ya plagi 4 kimekaa kisanduku kimoja kirefu, hakuna nyaya za plagi, hakuna distribyuta. Cheche ikishapigwa, kile kisanduku kinapitisha umeme mdogo kwenye plagi hiyo hiyo na kupima jinsi moto unavyowaka ndani ya silinda. Yaani plagi inawasha halafu inasikiliza. Injini ikianza kugonga kwa sababu petroli ni mbovu, kompyuta inajua kwenye mwako huo huo na inapunguza presha ya turbo kabla hujasikia chochote. Ndio maana ukiweka plagi za aina yoyote tu ulizozikuta dukani gari inachanganyikiwa, halafu mteja anasema Saab mbovu. Sio mbovu! Umeiziba masikio.

Haya, 9-3 ya 2002, ile aliyoiona shemeji, 2006 ni kizazi hicho. Chasi ya GM inayotumika pia na Opel Vectra, hilo halina ubishi, na bloku ya injini ni ya familia ya GM. Lakini mimi nimelala chini ya zote mbili. Miguu ya nyuma Saab waliipima upya ili kwenye kona magurudumu ya nyuma yajigeuze kidogo sana yenyewe na pua ya gari isikimbilie nje. Ufunguo wakaurudisha katikati ya viti, na sio kuhamisha shimo tu, ni nyaya, ni programu, ni mfumo wa kufunga gari. Dashibodi ina swichi ya kuzima mwanga wote usiku ibaki spidi peke yake, urithi wa ndege. Viti ni vya kwao. Ubongo wa injini za turbo za petroli za silinda 4 ni Trionic tena. Sehemu nyingi GM walipowaambia chukueni hiki kiko tayari, Trollhättan walisema hapana, tutaweka chetu.

Sasa fanya hesabu. Saab katika miaka yake bora kabisa iliuza gari kama 130,000 kwa mwaka. Wakati huo, miaka ya 2000, BMW wanatengeneza zaidi ya milioni. Gharama ya kuchora mguu wa nyuma au kuandika programu ya injini haijali unatengeneza gari ngapi, ni ile ile. Ukiigawa kwa milioni ni pesa ya soda kwa kila gari, ukiigawa kwa laki moja na thelathini ni pesa ya kiti kizima. Ni kama kukodi fuso zima kubeba gunia moja la mchele toka Kyela, mchele unaweza ukawa mzuri kuliko wote sokoni na bado biashara ikakufia. Kwa hiyo mnaosema "ni Opel tu" mmegeuza mambo kichwa chini. Ingekuwa Opel tu, ingelipa.

Mnataka kuona nembo iliyobandikwa kweli? 9-2X, ile ni Subaru Impreza. 9-7X, ile ni Chevrolet TrailBlazer, imetengenezwa Ohio, na hata humo walihangaika kuhamisha ufunguo ukae katikati. Hizo ziliuzwa hasa Marekani na hazikukaa. Hizo mkiziita jina baya mimi nipo na nyie.

Na GM siwasafishi. Dhambi yao naiona gereji kila siku: 9-5 ilitoka 1997 na ikaendelea kuuzwa mpaka karibu 2010 bila mrithi. Miaka 12! Mteja wa Audi kashabadilisha gari mara tatu, mteja wa Saab anaonyeshwa ile ile imepakwa wanja machoni. Mwaka 2000 Saab walionyesha Geneva injini inayobadilisha mgandamizo wake ikiwa inatembea, kitu cha ajabu kweli, GM wakaizima. Hapo ndipo mimi mwenyewe nagawanyika. Usiku mwingine nasema GM waliinyima chakula. Usiku mwingine nasema bila pesa ya GM ile kampuni isingeiona hata 1995. Nimefanya kazi na wazee waliokuwa kiwandani, nao wamegawanyika hivyo hivyo, na hawa walikuwepo.

Na makosa mengine ni ya Trollhättan wenyewe. 9-5 za mwanzo, mpaka kama 2003, ukishusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, utakutana nayo: kile kichungi cha waya kinachonyonya oili kimejaa uchafu mweusi mgumu, unaukwangua kwa kisu unatoka vipande kama masizi ya sufuria. Kichujio cha moshi cha ekzosi kimepita karibu sana na sampo, oili inapikwa, na mfumo wa kupumua wa injini ulikuwa dhaifu. Kichungi kikiziba presha ya oili inashuka na injini inakufa. Hakuna Mmarekani aliyewalazimisha kupitisha ekzosi pale.

Mwisho mnaujua. Desemba 2008 GM wenyewe wako taabani wakaiweka sokoni. Koenigsegg, kampuni ndogo ya Uswidi ya gari za kasi, walijitokeza wakajitoa. Mapema 2010 ikanunuliwa na Spyker wa Uholanzi, kampuni ndogo ya gari za kifahari. 9-5 mpya ikatoka, nzuri, zikatengenezwa kama 11,000 tu. Majira ya machipuko ya 2011 wauza vipuri hawajalipwa, mitambo ikasimama. Wachina walikuwa tayari kuleta pesa, lakini GM walikataa teknolojia yao iende kwa mshindani huko China, na 19 Desemba 2011 ikatangazwa muflisi. Na tafadhali, waliofilisika ni kampuni ya gari. Saab ya ndege ni kampuni nyingine siku nyingi, ipo, inatengeneza ndege za kivita za Gripen.

Kilichosalimika ni spea. Serikali ya Uswidi ilikuwa imedhamini mkopo, ikaichukua kampuni ya vipuri, ndio maana mimi leo naagiza bushi za 9-5 na zinafika.

Nilimrudia shemeji jana usiku. Nikamwambia nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, washa mwenyewe, sikiliza cheni kama inapiga kelele sekunde za kwanza, angalia kutu kwenye fremu ndogo ya mbele, uliza risiti za kubadilisha oili. Mambo ya sampo kuziba yasikutishe, hayo ni ya 9-5 za zamani. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, yuko ndani ya gari ya muuzaji: "Shem, natafuta pa kuchomeka ufunguo sipaoni."