Haiki na treki: dhana potofu na ukweli

Dhana: Treki ni haiki iliyo ngumu zaidi.

Ukweli: Zote ni safari za miguu milimani au porini, na ugumu si kipimo. Haiki ya kupanda mita 1,200 na kushuka siku hiyo hiyo inaweza kukuchosha kuliko siku yoyote ya treki. Kinachozitenganisha ni usiku: wa haiki hurudi siku hiyo hiyo, wa treki hulala huko huko njiani. Wala treki si lazima ifike kileleni. Njia ya kuzunguka mlima wa Mont Blanc, takriban kilomita 170 kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, hutembewa kwa siku kama kumi bila kukanyaga kilele chake. Hema nalo si sharti, kwani wengi hulala kwenye nyumba za wapanda milima.

Dhana: Anayemudu kilomita 20 kwa siku ataimudu treki ya siku tano.

Ukweli: Hapa ndipo wengi huumia. Uchovu wa jana hauondoki kwa usiku mmoja, na ngozi iliyochubuka kidogo leo huwa lengelenge kesho. Ukihisi mguu unawaka, simama papo hapo, vua kiatu, kausha ngozi, bandika plasta. Ukingoja hadi kambini, umechelewa.

Mzigo nao hubadilisha mwendo. Usizidi asilimia 20 ya uzito wako: mwenye kilo 70 abebe kilo 14, maji na chakula vikiwemo. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa katikati yake. Mkanda wa kiunoni ufungwe juu ya mifupa ya nyonga; ukifungwa tumboni, uzito wote huangukia mabega. Jipime kwa kutembea siku mbili mfululizo na mzigo kamili, maana siku ya pili ndiyo inayosema kweli.

Dhana: Mwenye mazoezi haugui ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaoletwa na hewa nyepesi ya juu milimani.

Ukweli: Mazoezi hayakingi. Mwenye nguvu hata yumo hatarini zaidi akipanda upesi. Kuanzia mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya malazi ya jana na ya leo, na pumzika siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, usipande. Ukipepesuka, ukichanganyikiwa au ukihema ilhali umekaa, shuka mara moja, hata kama ni usiku.

Dhana: Haiki fupi haihitaji hesabu.

Ukweli: Kanuni ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892, inatosha kukadiria muda: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 15 zenye mita 900 za mwinuko ni saa nne na nusu. Ukiondoka saa nane mchana, unafika saa kumi na mbili na nusu jioni, na mapumziko bado hujayahesabu. Kwa hiyo taa ya kichwani ikae begini hata kwa haiki ya nusu siku.