mail() ikirudisha true, barua bado haijafika

Wengi wanaoandika PHP huamini kwamba mail() ikirudisha true, barua pepe imeshamfikia mlengwa. Sivyo. Kwenye Linux, funksheni hiyo huita tu programu iliyotajwa na sendmail_path ndani ya php.ini (faili ya mipangilio ya PHP) na kuikabidhi ujumbe. Ukipokelewa hapo, jibu ni true. Safari yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Ujumbe huingia kwenye foleni. Postfix, programu ya seva inayosafirisha barua, kwa mpangilio wake wa kawaida huweza kuujaribu kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa. Taarifa ya kushindwa hurudi kwa anwani ya bahasha (anwani ya mtumaji ambayo seva hupeana), ambayo mara nyingi ni ya www-data, mtumiaji anayeendesha seva ya wavuti, sanduku lisilofunguliwa na mtu. Kichwa cha From hakibadilishi bahasha hiyo. Ili kuibadilisha, tumia hoja ya tano ya mail(), yenye -f:

mail($kwa, $mada, $ujumbe, $vichwa, '-fbarua@example.com');

Kisha endesha mailq, amri inayoonyesha foleni, usome na kumbukumbu za /var/log/mail.log. Ukiona status=deferred, barua imeahirishwa na itajaribiwa tena. status=sent ina maana seva inayofuata imeipokea, ingawa hata hapo inaweza kuitupa kwenye spamu. Na mail() ikirudisha false? Mara nyingi ni programu ya sendmail tu haijasakinishwa.