Mtwara mpaka Dar kwa ndege: zile kilomita 400 na ile saa moja ya kwenye tiketi

Ukigugo umbali wa ndege kutoka Mtwara mpaka Dar unaletewa kama kilomita 400, sasa mtu aliyezoea basi lazima ashtuke manake barabara anayoijua yeye ni kama 560. Zote ziko sawa. Ile 400 ni njia fupi kuliko zote juu ya dunia kati ya viwanja viwili, yaani chukua mpira, vuta uzi ukaze kutoka nukta hii mpaka ile, urefu wa huo uzi ndo umbali wenyewe. Basi haliwezi hivyo, lazima lipite Mingoyo, lifate Nangurukuru na Somanga, likatafute daraja la Mkapa pale Rufiji ndo liingie Kibiti.

Kwenye muda ndo watu wanachanganyikiwa zaidi. Zile Bombadia za pangaboi, Dash 8-400, zikishatulia angani zinakata karibu kilomita 660 kwa saa, kwa hiyo ukigawa unapata dakika 36 hivi, ila tiketi inakuambia saa moja au karibu na hapo, mtu anaanza kusema wanatuzungusha. Hapana jamani. Muda wa kwenye ratiba unaanza ndege inapotoka pale ilipopaki mpaka inaposimama tena kwenye maegesho ya kule iendako, humo ndani kuna kutembea chini, kusubiri zamu ya kuruka, kupanda juu kwa spidi ndogo, na kushuka nako inapunguza mwendo mapema, tena ndege inapenda kutua ikiutazama upepo kwa hiyo saa zingine inabidi izunguke iingilie upande wa pili. Kwa safari fupi kama hii yetu, ile spidi kubwa inatumika muda mchache tu.

Upepo wa mbele nao unakula muda, ila kwa Mtwara na Dar ni dakika chache, upepo wa kilomita 50 kwa saa unakuongezea kama dakika 3 tu. Kwenye safari ndefu ndo utauona.

Kingine, hizo kurasa za mtandaoni za kupiga hesabu ya umbali zinakupa jibu hata kama ndege ya moja kwa moja haipo. Andika Mtwara na Mwanza, utaambiwa karibu kilomita 1,190, sasa kama unaunganisha Dar inakuwa kama 1,250, na juu yake kuna kusubiri ndege ya pili, pengine masaa. Ukienda Dubai jua tiketi inaandika saa ya kutua kwa saa za kule, na wao wako mbele yetu saa moja, kwa hiyo usitoe tu saa ya kuruka kwenye saa ya kutua ukadhani umepata muda wa kukaa angani.

Na ndugu zangu wa Lindi mnaokuja kupandia Mtwara, wekeni na ile barabara ya kilomita mia na kidogo, manake dirisha la kuchekini linafungwa kabla ya saa ya kuruka.