Wanawake, Sumu na Mauaji: Maswali na Majibu Kuhusu Aseniki

Je, ni kweli kwamba sumu ni silaha ya wanawake?

Hapana. Wauaji wa kutumia sumu William Palmer, aliyenyongwa Stafford, Uingereza, mwaka 1856, na Thomas Neill Cream, aliyenyongwa London mwaka 1892, wote walikuwa wanaume, tena madaktari. Lililo kweli ni kwamba kati ya wauaji wachache wa kike, wanaotumia sumu ni wengi kwa uwiano kuliko kati ya wauaji wa kiume. Maumbile hayahusiki. Katika karne ya 19 mwanamke ndiye aliyepika, akauguza na kununua sumu ya panya, na kutoka kwenye ndoa mbaya kulikuwa karibu haiwezekani. Hata hivyo hofu ilipita kiasi: Bunge la Uingereza lilipojadili sheria ya aseniki, sumu iliyotumika kuulia panya, mwaka 1851, lilipendekezwa wazo kwamba wanaume wazima pekee ndio wauziwe. Mwanafalsafa John Stuart Mill alilipinga vikali, na sheria ikapita bila kifungu hicho. Ilimtaka muuzaji aandike jina la mnunuzi daftarini, na aseniki ichanganywe na masizi au nili ili ionekane.

Mbona wauaji hawakukamatwa mapema?

Kwa sababu kutapika na kuhara kwa majimaji kulifanana na kipindupindu au homa ya tumbo, magonjwa yaliyoua watu kila siku. Mwingereza Mary Ann Cotton alizika waume na watoto kadhaa, na vyeti vya vifo vikataja homa ya tumbo. Alikamatwa pale daktari alipohifadhi sampuli za tumbo la mtoto wake wa kambo na kuzipima. Alinyongwa Durham mwaka 1873.

Kipimo cha kuaminika kilitangazwa na mkemia James Marsh mwaka 1836: sampuli hutiwa zinki na asidi, gesi inayotoka hupashwa moto kwenye bomba la kioo, na aseniki huganda humo kama doa jeusi linalong'aa. Tatizo lake ni kwamba kinanasa chembe ndogo mno, hivyo zinki au asidi chafu hutoa jibu la uongo. Katika kesi ya Marie Lafarge, aliyeshtakiwa kumuua mumewe kwa aseniki, huko Tulle, Ufaransa, mwaka 1840, wataalamu walitofautiana hadi mtaalamu wa sumu Mathieu Orfila alipoitwa, naye akapima hata kemikali zake na udongo wa makaburini kabla ya kutoa jibu.

Leo mhudumu wa afya atashuku vipi?

Asiishie kwenye "ni tumbo tu" iwapo kuhara kunarudi kila mgonjwa akila mahali fulani na kukoma akilazwa, au kukifuatiwa na ganzi na moto wa nyayo. Aliyekula sumu kidogo kidogo hupata ngozi ngumu yenye vinundu viganjani na nyayoni. Atazame kucha pia: mstari mweupe unaokatiza kucha kadhaa ni dalili muhimu. Kucha za mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo mstari ulio milimita 6 kutoka shinani unaelekeza kwenye miezi miwili iliyopita.

Damu hupoteza ushahidi ndani ya saa chache. Mkojo wa saa 24 ndio bora, na maabara iambiwe kama mgonjwa amekula samaki au viumbe vingine vya baharini siku za karibuni, kwa kuwa wana aseniki isiyo na madhara inayopandisha namba.

Tufanye nini tukishuku mtu amekula sumu?

Mpelekeni hospitali mara moja. Msimtapishe, wala msimpe maziwa au mafuta. Akiwa amezimia lakini anapumua, mlazeni ubavu. Bebeni chombo au pakiti iliyoshukiwa, na matapishi kama yapo. Mkaa wa hospitali, unaotolewa kunasa sumu tumboni, hauinasi aseniki vizuri. Dawa zinazofaa ni zile zinazokamata metali, mfano dimakaproli, na zinasaidia zaidi zikianza mapema, kwani neva zilizokwisha kuathirika huchukua miezi kupona.

Na kama tunashuku ni makusudi?

Mwambieni daktari faraghani, mbali na anayempikia au kumuuguza mgonjwa. Chakula kutoka nje kisitishwe, na sampuli zifungwe, ziandikwe tarehe na saa, zikabidhiwe kwa sahihi. Zikipita mikono isiyoandikwa, mahakama inaweza kuzikataa.