Mchezo wa kushambulia si mchezo wa fujo

Jumamosi iliyopita, barazani kwa rafiki yangu huko Mwananyamala, ambako huwa tunacheza poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, kwa njugu na anayebaki na chache kuliko wote hulipia soda, kijana mmoja alimaliza njugu zake zote kabla ya adhana ya Isha. Aliinuka bila haya akatuambia kwamba yeye, angalau, hucheza mchezo wa kushambulia, si mchezo wa kiwoga kama wetu sisi wazee. Nimelisikia dai hilo mara nyingi mno mwaka huu, na kila mara limetoka kinywani mwa mtu anayeelekea kununua soda. Nimeona afadhali niandike kuliko kuendelea kunung'unika.

Katika poka, kushambulia ni kupendelea kuweka dau, au kulipandisha, pale ambapo ungeweza kupita bila kuweka chochote au kufuata tu dau la mwenzako. Maana yenyewe inaishia hapo. Faida yake inaeleweka upesi: anayefuata ana njia moja tu ya kushinda, nayo ni karata zake kuwa bora zitakapofunuliwa, ilhali anayepandisha anaweza kushinda kwa karata au kwa wenzake kutupa karata zao mapema. Tazama kwamba maana hiyo haigusi idadi ya mikono, yaani raundi za mchezo, unayoingia, wala ubovu wa karata ulizoshika, wala sauti unayotumia unapolisukuma lundo la njugu katikati ya mkeka.

Nadhani tatizo limeanzia kwenye tafsiri. Neno la Kiingereza tunalolitafsiri, aggressive, lina asili ya Kilatini, katika kitenzi aggredi, kilichoundwa kwa ad, yaani kuelekea, na gradi, yaani kupiga hatua, ambacho ni ndugu wa gradus, hatua yenyewe. Maana yake ya awali ilikuwa kukiendea kitu, na Warumi walikitumia kwa mtu anayeianza kazi kama walivyokitumia kwa jeshi linalomwendea adui. Hasira na vurugu ni maana zilizokuja kushikamana na neno hilo baadaye, lakini mezani ile maana kongwe ndiyo iliyobaki na kazi: mshambuliaji ni yule anayetangulia kupiga hatua na kumwachia mwenzake mzigo wa kujibu.

Sisi tulipolipokea, kila mtu alilivisha nguo yake. Wapo wanaosema mchezo wa fujo, na fujo kwa mkazi wa Dar es Salaam ni jambo la kituo cha daladala saa kumi na mbili jioni. Wapo wanaosema mchezaji mkali, na hapo ndipo lugha yetu yenyewe inapotutega, kwa kuwa ukali tunautumia kwa kisu, kwa pilipili na kwa mbwa, kisha tunamwita mkali pia mtu aliye hodari, kama tunavyosema fulani ni mkali wa hesabu. Kijana akiambiwa kwamba wachezaji wazuri ni wakali, atayasikia yote mawili kwa pamoja na atadhani kwamba akibweka atakuwa hodari. Kushambulia lingekuwa neno zuri kabisa laiti tungelitumia kama tunavyolitumia kwenye mpira. Hakuna shabiki wa Simba wala wa Yanga atakayesema timu yake inashambulia kwa sababu tu wachezaji wake wanapiga mateke ovyo na golikipa ameacha lango akakimbilia mbele. Timu inayoshambulia ina mpira, imechagua upande wa kupita na imebakiza walinzi.

Kuna sababu nyingine ambayo ni yetu, nayo imo ndani ya karata tulizozoea. Karata zenyewe tulizipata kwa Wareno, na majina yao bado tunayo: karata kutoka carta, kopa kutoka copas, uru kutoka ouros, pau kutoka paus, shupaza kutoka espadas, na turufu kutoka trunfo. Mtu aliyekulia kwenye albastini amefundwa kwamba nguvu imo ndani ya karata, na kwamba busara ni kuitunza turufu hadi wakati wake. Katika poka hakuna turufu. Dau ndilo lenye nguvu ya kumfukuza mtu mchezoni, na karata huenda zisionekane kabisa hadi mkono unakwisha. Basi mchezaji wetu wa zamani huificha karata nzuri na kupita, akingoja siku yake, na kijana anayetaka kumpinga hukimbilia upande wa pili kabisa na kuweka dau kubwa kwa karata yoyote ile. Wote wawili wanaijadili turufu ambayo haipo.

Kinachoniudhi zaidi, hata hivyo, ni watu kuchanganya kushambulia na kupiga mkwara. Mkwara ni kuweka dau kubwa ukiwa na karata dhaifu ili mwenzako aziache zake zilizo bora. Ni aina moja tu ya shambulio, na si iliyo ya kawaida zaidi. Pengine mkanganyiko huu si kosa la Mwananyamala peke yake, kwa sababu huko Marekani katika karne ya 19 mchezo huu wenyewe uliwahi kuitwa kwa neno lao la mkwara. Hata jina poka kwa kawaida huhusishwa na mchezo wa Kifaransa ulioitwa poque na ule wa Kijerumani uliotokana na pochen, yaani kugonga. Mchezo ulizaliwa ukigonga meza, lakini hilo halimlazimishi mtu kugonga kila mara.

Jozi ya pili inayochanganywa ni kushambulia na kutochagua. Hivi ni vipimo viwili tofauti. Kimoja huuliza unaingia mikono mingapi, na kingine huuliza ukishaingia unafanya nini. Programu zinazohesabu michezo ya mtandaoni hupima ushambuliaji kwa kujumlisha mara ulizoweka dau na mara ulizopandisha, kisha kugawanya kwa mara ulizofuata. Mikono uliyoitupa haimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo mtu anayeingia mikono 15 tu kati ya 100 anaweza kuwa mshambuliaji mkubwa kuliko kijana wetu aliyeingia yote. Hapo watu hupenda kunitajia Doyle Brunson, mcheza poka wa Marekani aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1976 na tena mwaka 1977, miaka yote miwili akiwa ameshika karata ya kumi pamoja na ya mbili katika mkono wa mwisho, karata ambazo mtu mwangalifu angezitupa. Ni kweli, lakini mara zote mbili karata za mezani, ambazo kila mchezaji huziunganisha na mbili alizoshika, zilimkamilishia karata tatu za kumi pamoja na jozi ya mbili. Mkono huo ni ushahidi wa bahati yake. Ushambuliaji wake ulikuwa katika mamia ya mikono iliyotangulia, ambayo hakuna anayeikumbuka.

Sasa, wenzetu waangalifu wa dau dogo. Nao huwekwa wote katika kapu moja la waoga, na hilo pia ni kosa. Yupo mwangalifu anayetupa. Huyu hungoja karata nzuri, na kama kweli angengoja jozi ya ree peke yake, angeipata kwa wastani mara 1 katika kila mikono 221, ambayo kwa mwendo wetu wa mikono kama 25 kwa saa ni karibu saa tisa za kukaa barazani. Dhidi yake, kushambulia mara kwa mara kuna faida inayohesabika. Mtu aliyeshika karata mbili zisizo jozi hukosa kupata hata jozi moja katika karata tatu za kwanza za mezani takriban mara 2 kati ya 3. Ikiwa katikati ya mkeka kuna njugu 20 nawe ukaweka 10, inatosha atupe karata mara 1 kati ya 3 ili usipate hasara, hata kama karata zako hazifai kitu. Mtu wa aina hii hutupa zaidi ya hapo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, naye hucheka kweli, ila njugu zake hupungua polepole bila yeye kutambua.

Mwangalifu wa pili hatupi. Hapandishi kwa kuogopa hasara, na hatupi kwa kuogopa kudanganywa, basi hufuata. Huyu ndiye tunayempata zaidi penye dau dogo, kwa sababu dau lisilouma halimlazimishi mtu kufikiri. Baraza letu lina mzee mmoja ambaye hufuata huku akizitafuna njugu zilezile anazozichezea, na hakuna mkwara duniani utakaomwondoa. Kumpigia mkwara mtu kama huyo ni kumlipa mshahara. Hata hivyo kumshambulia kunafaa mno, na hapa ndipo yule kijana alipogeuza mambo juu chini. Mshambuliaji mwenye akili, akiwa na karata nzuri mbele ya mfuataji, huweka dau kubwa na kulirudia, kwa kuwa anajua litafuatwa. Akiwa hana kitu, hupita na kunyamaza. Na siku mzee yule anayefuata tu atakapopandisha ghafla, mshambuliaji huyohuyo huzitupa karata zake bila kusita wala kuona aibu, kwa sababu mtu asiyepandisha mwezi mzima hapandishi kwa mzaha.

Haya niliyaeleza kwa ufupi tulipokuwa tukingoja soda. Kijana alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa mzee wangu, mimi nilichezaje? Maana kuogopa sikuogopa." Nikamwambia ni kweli hakuogopa, na kwamba jina la mshambuliaji linaweza kumfaa siku atakapompandishia dau mzee wa njugu akiwa na jozi ya wafalme mkononi. Kwa alichokifanya Jumamosi ile, Kiswahili kina neno fupi zaidi, nalo ni pupa. Alicheka, akaniuliza nataka soda gani.